Dokta Asiyeshika Sindano: Uzamivu wa Ushauri Nasaha Humfikisha Mtu Wapi?

Kazi ya ushauri nasaha ina jambo moja linalowashangaza wengi: huhitaji shahada ya uzamivu ili kuifanya. Nchini Marekani, ambako taaluma hii ina mizizi mirefu, mwenye shahada ya uzamili akishamaliza saa zake za kazi chini ya msimamizi na kufaulu mtihani, hupewa leseni ya jimbo lake. Anapanga chumba, anaweka viti viwili, anaanza. Virginia ndiyo iliyotangulia kutunga sheria ya leseni hiyo, mwaka 1976. California ilikuja mwisho kabisa, mwaka 2009. Katika majimbo yote, uzamili unatosha.

Basi kwa nini watu wazima, wenye kazi na watoto, hurudi darasani miaka minne, mitano, wengine saba, kuhangaika na tasnifu? Ada hailipiki kwa maneno matupu. Nyumbani wanauliza kila Krismasi na kila Idi: hicho kitabu chako kinaisha lini? Na siku joho likishavaliwa, jirani anabisha hodi na mtoto mwenye homa mgongoni, maana amesikia nyumba ile sasa ina dokta. Dokta mwenyewe hana sindano wala dawa ya malaria. Ana nini, basi, na anakwenda nacho wapi?

Sehemu ya jibu imeandikwa na Wamarekani wenyewe. Chombo kinachoidhinisha programu za ushauri nasaha katika vyuo vyao kinaitwa CACREP, na kilianzishwa mwaka 1981. Kinapokagua programu ya uzamivu kinatazama maeneo matano: kushauri, kusimamia washauri wengine, kufundisha, kutafiti na kuandika, kisha uongozi pamoja na utetezi. Hesabu mwenyewe, msikilizaji. Kukaa na mteja ni jambo moja katika matano. Kwa viwango vya mwaka 2016, mwanafunzi wa uzamivu alitakiwa kufanya mafunzo ya vitendo ya saa 600, na saa hizo zilipaswa kugusa angalau maeneo matatu kati ya hayo. Aliyeingia akitaka tu kuwa mshauri hodari zaidi atatoka akiwa ameandaliwa pia kuwa mwalimu, msimamizi, mtafiti na mwanaharakati. Uzamili humpa mtu wateja. Uzamivu humpa watu wenye wateja.

Upo mlango mwingine jirani kabisa na huu, na wengi huuingia wakidhani ni uleule. Huo ni wa saikolojia ya ushauri nasaha, na kilichoufungua ni vita. Baada ya mwaka 1945 mamilioni ya askari wa Marekani walirudi nyumbani wakitafuta kazi, shule na mtu wa kuzungumza naye. Idara ya serikali iliyowahudumia ikawa mwajiri mkubwa wa wanasaikolojia. Mwaka 1951 wataalamu walikutana Chuo Kikuu cha Northwestern, wakakubaliana taaluma yao iitwe saikolojia ya ushauri nasaha. Mwaka uliofuata idara ile ikaunda cheo chenye jina hilo. Leseni ya mwanasaikolojia kule, kwa kawaida, haitoki bila uzamivu na mwaka mzima wa mafunzo ya vitendo. Mwenye uzamivu wa elimu ya ushauri, wa ule mlango wa kwanza, kwa kawaida hastahili kuiomba. Anayegundua hivyo akiwa mwaka wa nne amechelewa, na hakuna atakayemrudishia ada.

Kati ya wote waliopita njia hizi, mwanasaikolojia Mmarekani Carl Rogers ndiye anayefaa kutazamwa kwa muda mrefu kidogo, kwa sababu aligusa karibu kila kona. Alizaliwa Illinois mwaka 1902, akakulia shambani, akaingia Chuo Kikuu cha Wisconsin kusomea kilimo. Mwaka 1922 alipelekwa China kwenye mkutano wa wanafunzi Wakristo, akarudi na fikra zilizogeuka. Akaacha kilimo, akachukua historia. Kutoka hapo akaenda chuo cha theolojia jijini New York. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na chuo cha ualimu cha Columbia, naye taratibu akavuka, akaacha mimbari. Alipata uzamivu wake mwaka 1931, lakini kazi alikuwa ameianza tangu 1928, katika shirika la kuwatetea watoto mjini Rochester. Alikaa huko miaka 12, akisikiliza watoto waliopelekwa na mahakama na wazazi waliokata tamaa. Mwaka 1940 Chuo Kikuu cha Ohio State kikamchukua moja kwa moja kama profesa kamili, cheo ambacho wengine hukisotea miaka ishirini.

Kule Ohio alifanya jambo ambalo leo mwanafunzi wa ushauri hulifanya bila kujua lilikotoka. Aliingiza mashine ya kurekodi ndani ya chumba cha ushauri. Utepe wa kunasa sauti ulikuwa bado haujaenea. Sauti ilichongwa kwenye santuri, na upande mmoja wa santuri ulijaa baada ya dakika kama tatu. Kwa hiyo mashine mbili zilipokezana. Ya kwanza ikikaribia mwisho, ya pili inaanza kuzunguka, na mtu wa kuzihudumia hapumziki: abadilishe santuri, apanguse vinyuzi vinavyotoka kwenye mchongo, asikose hata sentensi. Mwaka 1942, katika kitabu chake Counseling and Psychotherapy, Rogers alichapisha neno kwa neno vikao vinane vya mteja mmoja aliyepewa jina la bandia, Herbert Bryan. Kabla ya hapo, kilichotendeka mlango ukiwa umefungwa kilijulikana kwa simulizi ya mtaalamu mwenyewe. Na nani hajipendelei anaposimulia?

Wanafunzi wake waliposikiliza sauti zao walipigwa na butwaa. Mtu aliyeapa kwamba yeye humwachia mteja nafasi alijisikia akimkatiza, akimwelekeza, akimshindilia mawaidha. Hilo ni somo ambalo hakuna kitabu kinaweza kulitoa.

Baadaye Rogers alihamia Chicago, mwaka 1945, akaanzisha kituo cha ushauri cha chuo kikuu, akaongoza Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1957 alirudi Wisconsin, safari hii kama profesa, na mambo yakaharibika. Aligombana na wenzake juu ya namna walivyowatendea wanafunzi wa uzamivu: mitihani ya kuwachuja, vitisho, vijana wenye vipaji kukatishwa njiani. Alijitoa katika idara ya saikolojia, kisha akaondoka kabisa kwenda California, ambako mwaka 1968 yeye na wenzake walianzisha kituo chao wenyewe. Akiwa na miaka zaidi ya 70 alikaa na Wakatoliki na Waprotestanti wa Belfast katika chumba kimoja, jambo lililotengenezewa filamu. Baadaye akafanya hivyo hivyo Afrika Kusini enzi za ubaguzi wa rangi. Alifariki mwaka 1987. Shirika la watoto, vyuo vikuu vitatu, kituo cha ushauri, taasisi binafsi, meza za upatanisho: zote kwa shahada moja. Na kote huko hakuacha kukaa na watu, mmoja mmoja au kwa makundi.

Wapo wanaopenda kuamini kwamba njia kama hiyo hupangwa. John Krumboltz, aliyefundisha Stanford kwa miongo mingi na kuwa miongoni mwa majina makubwa ya ushauri wa kazi, aliwachekesha wasikilizaji wake kwa kusimulia jinsi alivyoingia saikolojia: alipotakiwa kuchagua somo kuu chuoni na muda unamwishia, alimkimbilia mwalimu wake wa tenisi, ambaye kumbe alifundisha saikolojia. Mwaka 1999 yeye na wenzake wawili walichapisha nadharia nzima inayosema bahati ya kazi huandaliwa: mtu awe mdadisi, asikate tamaa, abadilike, awe tayari kujaribu. Mshauri wa kazi mwenye uzamivu anayemwambia kijana kwamba si lazima ajue sasa hivi atakuwa nani! Wazazi wengi wa Dar es Salaam na Nairobi wangeomba warudishiwe pesa zao.

Afrika Mashariki mambo yalianzia upande wa pili. Huko wateja walitangulia, madokta wakafuata baadaye sana. Mwaka 1987, jijini Kampala, Noerine Kaleeba, mtaalamu wa tiba ya viungo aliyekuwa amempoteza mumewe kwa UKIMWI mwezi Januari mwaka huohuo, alianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, pamoja na kikundi kidogo cha watu walioguswa na ugonjwa. Hakuna aliyengoja uzamivu. Walijifunza kushauri kwa sababu watu walikuwa wanakufa na familia zinawafungia mlango. Tanzania vituo vya Angaza vya kupima virusi vya UKIMWI, vilivyoanza mwaka 2001, vikawaweka washauri nasaha mbele ya wananchi wengi ambao hadi hapo waliwajua wazee, masheikh, mapadri na waganga tu kama watu wa kupelekewa siri. Mafunzo ya wengi wa washauri hao yalikuwa ya wiki chache.

Kenya ilisukumwa pia na majanga. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani liliua watu 213 jijini Nairobi; siku hiyohiyo jingine liliua 11 Dar es Salaam. Waliookolewa kwenye kifusi walitibiwa majeraha, halafu ikaonekana kwamba majeraha mengine hayana bendeji. Mwezi Machi 2001 bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, liliteketezwa na zaidi ya wavulana 60 wakafa. Mwaka huo Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni, na jopo lililoongozwa na Naomi Wangai kuchunguza fujo za wanafunzi likasisitiza ushauri nasaha uimarishwe. Mwaka uliofuata Wizara ya Elimu ya Tanzania nayo ilitoa waraka wa kutaka huduma hiyo shuleni. Kenya fimbo ilitoka, na katika nchi zote mbili mwalimu mshauri akaingia. Ila mwalimu huyo aliachiwa vipindi vyake vyote vya hesabu au Kiswahili, na ofisi ya ushauri mara nyingi ikawa ni kona ya stoo yenye meza mbovu na vitabu vya zamani.

Mahitaji yote haya yalizaa wanafunzi, na wanafunzi wakahitaji walimu. Hapo ndipo ajira ya kwanza na ya wazi ya mwenye uzamivu ilipo: darasani. Egerton kule Njoro ina programu ya uzamivu wa saikolojia ya ushauri. Daystar nayo inatoa uzamivu wa saikolojia ya tiba. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ilitoa vigezo vinavyotaka mhadhiri awe na uzamivu, na walimu wengi waliokuwa wametulia na uzamili wao walijikuta wanarudi shule mbio. Tanzania ngazi iko wazi pia: mwenye uzamili huitwa mhadhiri msaidizi, uzamivu humpandisha kuwa mhadhiri, kisha anaanza kuhesabu makala zake zilizochapishwa ili afike mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, na akijaliwa, profesa.

Kwenye karatasi ngazi hiyo inapendeza. Kwa hali halisi, vyuo vingi huajiri kwa mkataba wa muda. Dokta anafundisha Jumatatu chuo hiki, Jumatano kile, Jumamosi anapanda matatu kwenda tawi la mji mwingine, na malipo yanakuja muhula ukiwa umeshasahaulika. Madokta wa ushauri nasaha si peke yao katika hili, lakini kwao lina ukali wake: mchana mzima anafundisha namna ya kuzuia uchovu wa kazi.

Wengine hawakusubiri kuajiriwa. Gladys Mwiti, Mkenya aliyekuwa mwalimu kabla ya kuingia saikolojia, alianzisha Oasis Africa jijini Nairobi mwaka 1990. Uzamivu wake ni wa saikolojia ya tiba, kutoka Fuller huko California. Taasisi yake ilikuwa miongoni mwa zilizohudumia walioathiriwa na bomu la 1998, na imeendelea kutoa huduma kwa wafanyakazi wa mashirika na makampuni. Pamoja na mwandishi mwenzake, Al Dueck, aliandika kitabu kuhusu ushauri wa Kikristo kwa mtazamo wa Kiafrika. Ukitazama kwa makini utaona mambo yaleyale matano ya CACREP yamekaa ndani ya mtu mmoja: anashauri, anafunza, anaandika, anasimamia, anatetea. Tofauti ni kwamba alilazimika kujijengea mahali pa kuyafanyia.

Makanisa ni mwajiri mwingine ambaye hutajwa mara chache. Mapadri, masista na wachungaji wenye uzamivu wa ushauri wamejaa katika vyuo na vituo vya mafungo, na wengi hawaulizi mshahara, angalau hadharani. Kuna pia kazi za ushauri elekezi: shirika linatoa hadidu za rejea, dokta anaandika pendekezo, anakwenda kwenye kambi za wakimbizi za Kakuma au Kigoma wiki mbili, anaandika ripoti, analipwa vizuri kuliko muhula mzima wa kufundisha. Kinachosikitisha ni kwamba ripoti hizo, zenye maarifa mengi ya uwanjani, huishia kwenye kabati za wafadhili.

Na iko redio. Haifai kuipita kimya, kwani hata mazungumzo haya yanasikika kupitia redio. Joyce Brothers alipata uzamivu Columbia mwaka 1953, lakini Wamarekani walimjua mwaka 1955 aliposhinda dola 64,000 kwenye shindano la maswali la televisheni, na somo lake lilikuwa ndondi. Miaka mitatu baadaye akapata kipindi chake cha kujibu maswali ya ndoa na mapenzi, na akadumu hewani kwa miongo kadhaa. Wenzake wa taaluma walinung'unika: unawezaje kumshauri mtu usiyemwona, kwa dakika tatu, mbele ya halaiki? Malalamiko hayo yana uzito hadi leo. Vipindi vya usiku vya redio zetu vimejaa washauri wa mahusiano ambao sifa yao kuu ni sauti nzito. Kenya ilijaribu kuweka uzio: Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inaunda bodi na kumtaka anayefanya kazi hiyo asajiliwe. Dokta akiingia studio akafundisha, akaeleza dalili za sonona, akataja mahali pa kupata msaada, amefanya kazi ya maana. Akimwamulia msikilizaji aache mume au asiache, ameishusha shahada yake hadi kwenye ngazi ya yule mwenye sauti nzito.

Hata hivyo, kazi inayomhitaji dokta huyu kuliko zote haina jina kubwa wala haionekani kwenye televisheni. Ni usimamizi wa washauri. Watu huuchanganya na ukaguzi, wakidhani ni bosi anayekuja kuhesabu mafaili. Sivyo. Ni mshauri mzoefu kukaa na mshauri mwingine na kupitia naye kile kilichotokea ndani ya kikao. Taswira ya kawaida ni hii. Mshauri kijana anafika na daftari na rekodi, kwa idhini ya mteja. Wanasikiliza pamoja.

"Rudisha nyuma kidogo, dada. Hapo. Mama anasema hapati usingizi tangu mumewe aondoke, wewe ukamuuliza ana watoto wangapi. Ulitaka kujua nini?"

Kimya kidogo. "Sikujua niseme nini, Dokta. Nilitaka tu kimya kiishe."

"Vizuri umeliona. Sasa swali lile lilimsaidia nani?"

Hapo hakuna aliyegombezwa, na mteja wa wiki ijayo ameshafaidika bila kujua. Msimamizi huyo ndiye pia anayegundua kwamba kijana amebeba vifo vitano mwezi huu na yeye mwenyewe halali. Washauri wengi waliofunzwa kwa wiki chache enzi za vituo vya kupima virusi hawakuwahi kupata mtu wa namna hiyo. Walifunzwa, wakapewa cheti, wakaachwa na foleni.

Kwamba mshauri asiye dokta akisimamiwa vizuri anaweza kuleta nafuu si maneno ya darasani. Mwaka 2020 jarida la JAMA Psychiatry lilichapisha utafiti ulioongozwa na Shannon Dorsey wa Chuo Kikuu cha Washington, uliofanyika Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya. Watoto 640 wenye umri wa miaka 7 hadi 13, waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili na waliokuwa na dalili za mshtuko, waligawanywa: nusu wakapewa tiba maalumu ya mazungumzo katika vikao 12 vya makundi, walezi wao wakishirikishwa, nusu wakaendelea na huduma za kawaida za jamii. Waliotoa tiba ile hawakuwa madokta. Walikuwa watu wa hapohapo wasio na uzoefu wa kazi ya afya ya akili. Waliokuwa na uzoefu walikaa nyuma yao: wasimamizi wa hapo mahali walikutana na washauri hao mara kwa mara, nao wasimamizi wakapata ushauri kutoka kwa wataalamu wa mbali. Katika maeneo matatu kati ya manne, yaani mjini na vijijini kwa kila upande, watoto waliopata tiba walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao. Vijiji vya Moshi ndivyo ambavyo tofauti haikujitokeza, na watafiti hawakuficha.

Zimbabwe ilikuwa imeonyesha jambo la kufanana. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, na mabenchi nje ya zahanati. Utafiti wa mwaka 2016 uliohusisha wagonjwa 573 na zahanati 24 ulionyesha kwamba waliokaa na washauri wa namna hiyo walipungukiwa sana dalili za sonona. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Watu hupenda picha ya bibi na benchi, na ni picha nzuri kweli. Lakini kila benchi lina mtu aliyemfunza bibi, anayepitia naye kesi ngumu, anayejua ni lini mgonjwa apelekwe hospitali haraka. Wanahabari huwa hawampigi picha mtu huyo.

Kwa nchi zenye wataalamu wachache, hesabu yenyewe inasema. Dokta mmoja akiona wateja watano kwa siku, amesaidia watano. Akisimamia washauri kumi ambao kila mmoja anaona watano, mkono wake umefika kwa hamsini. Hiyo ndiyo sababu sioni ubaya dokta kuondoka kwenye kiti cha mshauri siku nyingi za wiki, mradi siku moja abaki nacho. Msimamizi aliyeacha kuona wateja miaka kumi iliyopita hufundisha mambo ya miaka kumi iliyopita: hajawahi kukaa na kijana aliyepoteza ada yote kwenye kamari ya simu, wala na msichana ambaye picha zake zimesambazwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa.

Kinachokwamisha ni malipo. Mradi wa utafiti huulipia usimamizi kwa kuwa bila huo tiba hupoteza umbo lake na matokeo hayachapishiki. Mradi ukifungwa, mikutano ya kila wiki hukoma, na washauri waliofunzwa kwa gharama kubwa hurudi kwenye biashara zao za mitumba. Tangu mwaka 2013 huduma nyingi za afya nchini Kenya ziko mikononi mwa kaunti 47, kila moja na bajeti yake na vipaumbele vyake. Gavana huzindua jengo kwa mkasi na utepe, lakini hakuna mkasi wa kuzindua usimamizi.

Kwa hiyo dokta anayeipenda kazi hiyo huipata kwa vipande. Siku mbili anafundisha chuoni, siku moja yuko na shirika lisilo la kiserikali, asubuhi nyingine anaona wateja wake mwenyewe, na jioni anasimamia washauri wanaomlipa kutoka mifukoni mwao. Kwa kuwa mmoja peke yake hawezi kumudu, hukusanyika watano au sita, wakachanga. Kila mmoja hupata zamu yake ya kuweka rekodi mezani wengine wakisikiliza, na kwa saa mbili wanabishana juu ya sentensi ambazo mteja alizisema kwa nusu dakika. Mchango hutumwa kwa simu kabla kikao hakijaisha, na asiyekuwa nao mwezi huu hubebwa na wenzake hadi mwezi ujao.